Mgogoro wa Uongozi Mashewa

Dokta Benedicto aliandika kwamba kikundi cha akina mama wa Mashewa kina "mgogoro wa uongozi." Nilipoisoma ripoti nilitamani kuichana, ila jina langu lilikuwa chini ya lake. Mimi ndiye niliyezunguka na dodoso nyumba kwa nyumba.

Dodoso lenyewe lilitungwa Ulaya, likatafsiriwa, tukavalishwa kama koti la mtumba, likubane lisikubane. Swali la nne: kiongozi wenu ni nani? Jumatatu nikajibiwa Yusta. Jumatano, Chausiku. Ijumaa mama yangu mzazi akajitaja mwenyewe. Kwa wiki mbili, wanawake kumi na wawili walinipa majina saba.

Hakuna aliyedanganya. Kwetu watu hulimiana kwa zamu, na anayelimiwa siku hiyo ndiye anayeamuru: waanzie wapi, wapumzike saa ngapi. Kesho yake anainama na jembe shambani kwa mwenzake. Mtoto yeyote wa Mashewa anajua hilo, na mimi nilijua! Nilimweleza Dokta, akacheka. "Loyce, hizo ni habari za nyumbani. Nadharia inataka mwenyekiti." Nikaweka alama ya vema penye mgogoro.

Kwa ripoti hiyo, mradi uliotutuma ukaleta semina, soda na uchaguzi. Agripina akawa mwenyekiti wa miaka mitano. Masika haya akapanga zamu anavyojua yeye: kwake mara tatu, kwa shemeji zake mara mbili. Waliolalamika wakaambiwa wakasome katiba. Zamu ya mama haikufika. Ana miaka sitini na nne na goti bovu. Alipalilia peke yake mistari minne, kwingine kote magugu yakashinda.

Jana nilifika na madodoso ya awamu ya pili. Nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa shamba, mahindi yamedumaa na mvua zimekwisha.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Huyo Dokta wako simlaumu," alisema. "Yeye mgeni. Wewe nilikubeba mgongoni nikiwalimia wenzangu. Kilikushinda nini kumwambia hapana?"

Hasira ilinipanda, nikatafuta wa kumtupia, sikumwona ila mimi mwenyewe. Nikampigia Dokta pale pale. Nikamwambia ripoti yake ni ya uongo, alifute jina langu, madodoso yake sijazi tena.

Mama alisikia yote.

"Haya," akasema. "Na mahindi?"