Pampu Inanguruma

Gari lilizimika kilomita mbili kabla ya hospitali. Mke wa fundi, aliyelala kiti cha nyuma, aliuma ncha ya shuka asipige kelele. Uchungu ulikuwa unakuja mbio mbio.

Fundi alimwomba mama mkwe, aliyekaa mbele, azungushe ufunguo, yeye akatega sikio kwenye mdomo wa tangi. Pampu iliyozama humo ndani hunguruma sekunde mbili, ikisukuma petroli hadi kwenye nozeli za injini. Hakusikia kitu.

"Pampu imekufa," akasema. "Iko chini ya kiti cha nyuma. Itabidi ashuke."

"Ashuke alale wapi, barabarani?" Mama mkwe alimkazia macho. "Na mbona inanguruma? Naisikia mpaka huku mbele!"

Fundi akainua kichwa kutoka kwenye tangi. Mwaka mzima alikuwa akiwapiga chenga wateja, mke, kila mtu. Fundi mwenye sifa ya kutambua ugonjwa wa gari kwa sikio, kumbe sikio lenyewe limebwaga manyanga! Sauti ndogo ndogo zilishamkimbia. Kulisema hilo mbele ya mkwe kulikuwa aibu, lakini nyuma mke aliguna tena.

"Mama, sisikii vizuri. Nakuomba unisikilizie."

Mama mkwe hakuuliza mara mbili. Akapokea bisibisi ndefu, akainamia injini, ncha kwenye nozeli, mpini sikioni. Nozeli ikipata umeme hufunguka na kufunga, ikigonga tik-tik-tik. Fundi akapiga stata.

"Kimya!" mama akapaza sauti, akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. "Zote kimya!"

Basi petroli ilifika mlangoni ikakosa wa kuifungulia. Vidole vya fundi vilifuata waya wa nozeli hadi kwenye soketi aliyoichomeka mwenyewe jana. Soketi ile ikikaa sawasawa hulia ka! Jana alidhani imelia. Akaisukuma kwa nguvu zote.

"Sasa imelia," mama akasema.

Injini ikawaka, akaihisi mikononi kupitia usukani. Akaendesha kama mwehu.

Getini, muuguzi mwenye barakoa alifungua mlango wa nyuma, akachungulia, akasema jambo haraka haraka. Siku zote fundi angeitikia kwa kichwa na kutabasamu tu. Sasa alimgeukia mkwe wake, watu wote wakitazama.

"Amesemaje, mama?"

"Amesema kichwa kinaonekana. Tumewahi."