Pampu Inayonuka Kahawa

Uliiona ile pikapu. Usiangalie kando sasa. Umezoea kuangalia kando, ndiyo maana tumefika hapa. Ulikuwa kwenye roshani yako ya ghorofa ya tatu ukianika soksi, ukawaona wanaume watatu wakikokota chuma kizito kutoka chumba cha chini cha jengo unalolala wewe na watoto wako. Ukawaona wakikifunika turubai, wakikaza kamba. Ukajiambia, mambo ya wenyewe. Ukabeba beseni, ukaingia ndani, ukavuta pazia.

Basi sikiliza kilichokuwa chini ya turubai.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, mjini Embu, baridi ile ya manyunyu yasiyojua kukatika, na Wawira alikuwa amesimama katika chumba cha pampu cha jengo jipya la Mzee Mithika. Ghorofa sita, nyumba arobaini na nane, wapangaji wameshaingia kabla rangi ya ngazi haijakauka. Wawira ndiye aliyeuchora mfumo wa kuzima moto wa jengo lile. Alikuwa na mtindo wake ambao wenzake waliucheka: katika kila chumba alichora kitanda kwanza, ndipo akatafuta pa kuweka kichwa cha kunyunyiza maji. Aliamini kwamba moto humkuta mtu pale alipolala.

Kila kichwa pale darini kilizibwa na kichupa cha kioo chekundu, kidogo kama punje ya mahindi. Joto likizidi kichupa hupasuka, na maji humwagika. Lakini maji hayapandi ghorofa sita kwa maombi. Tangi lilikuwa chini ya ardhi, na kati ya tangi na vile vichwa palikuwa na kitu kimoja tu cha kuyasukuma, nacho ni pampu. Ilikuwa pale mbele yake, imefungwa kwa bolti nne kwenye jukwaa la zege, rangi yake nyekundu iking'aa kama kucha za bibi harusi.

"Fungulia," akasema afisa wa ukaguzi, bwana mmoja mwenye buti zilizong'arishwa kuliko za mtu yeyote aliyewahi kukaribia moto.

Njuki akazungusha koki ya majaribio. Huyu Njuki alikuwa dereva wa Mithika na fundi wake pia, mtu wa Gachoka, shavu moja limetuna majani ya muguka aliyokuwa akitafuna tangu asubuhi. Pampu ikanguruma. Maji yakatoka kwa kishindo, yakapiga ukuta, yakamrukia afisa kwenye buti.

Pamoja na maji ikaja harufu.

Ilikuwa harufu chachu, nzito, ya kitu kilichooza kikiwa kitamu. Ilimwingia Wawira puani, akafunika pua kwa kiganja.

"Ni mafuta ya mapaipu mapya hayo, injinia," Mithika akasema kabla hajaulizwa. "Yataisha."

Neno kwa neno. Mwaka juzi, mjini Meru, katika chumba kama kile cha jengo lingine la mzee huyu huyu, maji yalinuka hivi hivi, na Mithika akasema hivi hivi: ni mafuta ya mapaipu mapya, yataisha. Wawira aliamini. Alitia sahihi akaenda kula.

Sasa akainama, akachota maji kwa kiganja. Kati ya vidole vyake pakabaki kitu chembamba, cha manjano, kama gamba la samaki. Mtoto wa mjini angelikitupa. Lakini Wawira alilelewa na mama aliyechuma kahawa kwa miaka thelathini, na ngozi ya buni aliijua kama alivyojua kucha zake. Hili lilikuwa ganda la kahawa. Na ile harufu ilikuwa ya maji ya kuoshea kahawa, yale yanayolala kwenye mashimo ya kiwanda mpaka nzi wenyewe wanayakimbia.

Mithika alikuwa na shamba la kahawa upande wa Githongo, na kiwanda chake mwenyewe cha kumenyea. Kila mtu alilijua hilo. Alijivunia kanisani.

Wawira akatoa daftari kwenye begi lake. Alikuwa na tabia ya kuandika namba ya kila pampu. Akafunua kurasa za mwaka juzi, akachuchumaa penye kibati cha ubavuni mwa pampu, akasoma namba kwa kidole, moja moja. Tarakimu tisa. Zote tisa zilifanana na za Meru.

Pampu moja, majengo mawili.

Akakumbuka Novemba ya mwaka juzi, miezi mitatu baada ya sahihi yake. Novemba, wakati buni zimewiva hadi zinaanguka zenyewe, na kila kiwanda huko juu kinakesha. Jengo la Meru liliwaka mchana kweupe. Ghorofa ya tatu aliishi Dhahabo, mwenye duka la vitambaa chini, pamoja na mama yake Faadumo, ambaye miguu ilikuwa imemwacha. Mfumo wa Wawira ulifanya kila alichouagiza. Vinusa moshi vilinusa. King'ora kililia vizuri kabisa, kikalia jengo zima. Vichupa vyekundu vikapasuka kimoja baada ya kingine juu ya kitanda cha mama yule, palepale Wawira alipovichora. Kisha vile vichwa vikakohoa matone matatu ya maji machafu, vikanyamaza. Kengele ilimpa Faadumo habari ya kifo chake, na hakuna kilichokuja kukizuia.

Dhahabo alipofika kutoka dukani, aliuliza swali moja. Aliwauliza wazima moto, akamuuliza mwenye nyumba, akampigia simu Wawira mwenyewe Embu: "Maji yalikuwa wapi, dada yangu?"

Kamati ya uchunguzi ikakaa. Ikasema wapangaji walimaliza maji ya tangi kwa kufua nguo. Wawira aliisoma ripoti mezani kwake, githeri ikiwa mbele yake. Alijua kwamba tangi lile halikuunganishwa na bomba lolote la kufulia. Yeye ndiye aliyelichora. Hata hivyo alikunja ripoti, akavuta sahani, akala githeri akaimaliza. Mkumbuke hapo. Hata yeye aliangalia kando.

"Injinia, tia sahihi tuende," afisa akasema, akifuta buti kwa karatasi. Yeye alikuwa ameshasaini.

"Afande, hii pampu si ya hapa. Ni ya kiwanda cha kahawa. Ikitoka hapa leo, jengo hili halina maji."

"Mimi nimeona maji," afisa akasema. "Kazi yangu ni kuona maji. Mpaka nimeoga."

Njuki akacheka, kisha akamwona Wawira usoni akaacha.

Mithika akamshika Wawira kiwiko kwa upole wa mzee wa kanisa, akamvuta pembeni. "Mwanangu, nisikize. Pampu kama hii ikae hapa miaka ishirini ikingojea moto? Huyo ni ng'ombe wa kulishwa bila kukamuliwa. Mimi nimekulia Imenti, hatufugi ng'ombe namna hiyo. Moto unaweza kukosa kuja. Kahawa lazima ije."

"Na Faadumo?"

"Nani?"

Alikuwa hamjui. Hakuwa anajifanya. Aliuliza kama mtu anayeulizwa habari za kuku wa jirani.

"Mama aliyeungua kwako Meru."

"Aaa. Yule." Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kiasi kile kile anachotumia kwenye matanga ya watu asiowajua. "Ile ilikuwa mipango ya Mungu. Lakini kama unataka kuongea ya Meru, ongea tu. Ile karatasi ya Meru imesainiwa na nani? Si mimi. Mimi ni mkulima, sijui mambo ya pampu. Aliyesema iko sawa ni injinia. Ukipiga kelele, ni jina lako unaita."

Hapo ndipo Wawira alipofungwa, na kamba alikuwa ameisokota mwenyewe. Akinyamaza, hana la kuogopa. Akisema, anaanza kwa kujishtaki. Na juu, ghorofa ya tano, aliishi Mwalimu Peninah, aliyemfundisha hesabu darasa la sita, mjane wa nyonga iliyovunjika isiyounga sawasawa. Wawira ndiye aliyemshawishi ahamie pale. Alimwambia kwa mdomo wake, "Hamia huko, mwalimu, mfumo wangu uko ndani. Utalala usingizi."

Akarudisha kalamu mfukoni. Akatoka nje.

Uani manyunyu yalikuwa yakiendelea, na pikapu ya Mithika ilikuwa imeegeshwa ikingoja mzigo. Nyuma yake alisikia spana ya Njuki ikianza kulegeza bolti. Hawakungoja hata afisa afike barabarani. Wawira akasimama katikati ya ua, akainua uso kuelekea roshani zote, akapaza sauti. Akawaambia kila kitu. Kwamba pampu inaondoka. Kwamba vile vichwa vya dari walivyosifiwa siku ya kulipia nyumba vinabaki mapambo. Kwamba wasimame langoni, kila mtu, ile pikapu isipite.

Watu walitoka. Hilo waliweza. Walijaa kwenye roshani kama wanatazama mpira.

"Madam, sisi tutafukuzwa," mmoja akaita kutoka ghorofa ya pili.

"Si aliyechora ndiye alirekebishe?" mwanamke akadakia. "Mbona unatuletea sisi?"

"Wee, kwani moto umekuja? Ukija tutaruka!" kijana mmoja akasema, wakacheka. Madirisha yote yana vyuma vya kuzuia wezi, na bado wakacheka.

Kisha mmoja mmoja wakaanza kuingia. Pazia likavutwa hapa, likavutwa pale. Sauti ile ya vishikizo vya pazia vikiteleza kwenye fimbo ilimtia Wawira kichefuchefu kuliko maji ya kahawa.

"Wawira!" Ilikuwa sauti ya ubaoni, sauti ya chaki. Mwalimu Peninah alikuwa ameegemea ukuta wa roshani ya tano, mkongojo mkononi. "Rudia. Sikusikia vizuri. Umesema pampu inafanya nini?"

"Inaondoka, mwalimu."

"Na ulisema nini nilipohamia?"

Wawira akainamisha uso. Macho yalimjaa maji.

"Ningoje hapo," mwalimu akasema. "Nashuka."

Akashuka. Wawira akausikia ule mkongojo ukigonga ngazi, ko, halafu mguu mzima, halafu mguu mbovu ukiburutwa. Bila kujua anafanya nini, akatazama saa. Katika hesabu zake za uchoraji, moshi huijaza ngazi ile kwa dakika nne. Dakika nne zikapita mwalimu akiwa bado ghorofa ya nne. Njuki na vibarua wawili wakapita na pampu, wakaipandisha pikapu, wakatandaza turubai. Mkongojo ulikuwa ghorofa ya pili. Mithika akaingia kiti cha mbele akavuta mlango. Ko. Buruta. Ko.

Dakika kumi na moja. Mwalimu Peninah akatokea mlangoni, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Akamwona Wawira ameshika saa.

"Ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Na nilitakiwa ngapi?"

"Nne, mwalimu."

"Basi mimi nimeshakufa," mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. "Maiti haiogopi kufukuzwa nyumba. Niletee kile kiti cha mlinzi."

Wawira akaleta kiti cha plastiki. Mwalimu akakiweka katikati ya lango, mbele ya pikapu, akakaa, akalaza mkongojo mapajani.

Mithika akachungulia dirishani. "Mwalimu, toka hapo, tafadhali. Wewe ni mtu wa heshima."

"Ndiyo sababu nimekaa."

"Njuki, endesha!"

Njuki akaliangalia lango, akamwangalia mwalimu, akatema muguka nje ya dirisha. "Mdosi," akasema, "nimkanyage mwalimu?"

"Sogeza tu, atatoka."

Pikapu ikasogea hatua moja. Mwalimu hakusogea. Bampa ikasimama kiganja kimoja kutoka goti lake, injini inanguruma, maji ya kahawa yakidondoka kutoka kwenye pampu, tone, tone, yakinuka ua mzima.

Wawira akasimama kando ya kile kiti. Akatoa kwenye begi nakala ya karatasi ya Meru, ile aliyoificha tangu siku ya githeri. Akaisoma kwa sauti, akitazama roshani zilizokuwa tupu. Akasoma namba ya pampu, tarakimu tisa. Akasoma tarehe. Akasoma jina lililo chini, na lilikuwa lake.

"Nilijua nikanyamaza!" akapaza sauti. "Mama wa watu aliungua na sahihi yangu. Nifungwe, nitafungwa. Lakini pampu hii haitoki!"

"Sogeza tena," Mithika akasema ndani ya gari. Mkono wa Njuki ukaenda kwenye gia, ukakawia pale.

Juu, ghorofa ya tatu, pazia la maua ya samawati likatikisika. Jicho moja likatokea ukingoni. 

Pazia hilo ni lako. Tumekuona.

Shuka. Acha soksi zilowe. Usingoje jirani atangulie, yeye anakungoja wewe. Mwalimu wa nyonga mbovu ameshuka kwa dakika kumi na moja. Wewe una miguu miwili mizima, utafika kabla Njuki hajaambiwa mara ya tatu. Beba kiti chako, ukiweke karibu na chake, ukae. Na wewe mwingine unayesoma ukiwa Meru, au Chuka, au popote ulipopanga, ukishukuru kwamba hili si jengo lako: inuka sasa hivi, shuka hadi chini kabisa, udai ufunguliwe ule mlango wa chuma usiowahi kuuliza kuna nini nyuma yake. Ukikuta bolti nne zimesimama uchi kwenye zege, gonga milango yote ya jengo leo hii, wakitukana watukane, mpaka wote wawe nje. Usiseme kesho. Kahawa inaanza kuiva mwezi wa kumi.

Shuka.