Feni Yenye Sura Mbaya

Mama mkwe alikuja nasi dukani akiwa ameshaufunga mkoba wa mtoto: nepi, chupa, blanketi. Sharti lake halikuwa na kona. Tukinunua mashine ya kutoa moshi isiyofaa, na mwanangu akakohoa tena nikikaanga, mjukuu anahamia kwake.

"Simnyang'anyi mtu mtoto," alisema. "Namwokoa tu asigeuke samaki wa kukaushwa."

Muuzaji alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza, ya kioo na chuma, ilining'inia juu ya jiko la maonyesho, ikimeta kwa taa za bluu kama gari la bibi harusi. Ya pili ilikuwa feni ya ukutani, ya plastiki, yenye sura ya sufuria iliyokaliwa.

"Hii ya kioo, dada, inanyonya kimyakimya."

"Moshi inaupeleka wapi?"

"Unapita kwenye chujio, unatokea hapa juu."

"Juu ya nyumba?"

Akajikuna shingo. "Hapahapa jikoni. Ila unakuwa umeshasafishwa."

"Umeokoka," mama mkwe akadakia. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye zile taa. "Ila majirani wangeiona hii..."

"Mama, majirani hawalali na mtoto."

Nikachomoa karatasi laini ninayomfutia mwanangu pua, nikaiweka chini ya ile ya kioo ikinguruma. Ikaanguka. Nikaipeleka kwenye feni. Ikang'ang'ania kama mwanangu kwenye ziwa.

Tukabeba feni.

Jioni baba mtoto akaifunga kwenye tundu la ukuta, akipiga mluzi kama fundi aliyesomea. Nikatia samaki mafutani, nikabonyeza swichi. Moshi wote ukakimbilia sebuleni, ukifuatana na harufu ya takataka za uchochoroni. Mwanangu akakohoa.

Mama mkwe akanyanyuka, mkoba begani. "Nipe mjukuu wangu."

Nikamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikaishika karatasi mbele ya feni. Ikanipiga usoni.

"Baba mtoto! Umeifunga kinyume! Inavuta ya nje inatuletea ndani!"

"Nilielekeza uso wake nje," akajitetea, "majirani waione."

Mama yake akaanza kuichunguza dari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Baba mtoto akaifungua, akaigeuza. Safari hii karatasi ikanasa, na moshi ukatoka kwa adabu, kama mgeni aliyeelewa kwamba amekaa sana. Tukasimama watu wazima watatu tukimsikiliza mtoto anavyopumua. Akapiga chafya, tukashikana mikono. Kisha akajamba, akalala fofofo.

Mama mkwe akafungua mkoba. Akatoa nepi, akatoa chupa, blanketi akamfunika nalo mjukuu wake kifuani pangu. Halafu akausogeza ule mkoba mtupu karibu na jiko.

"Nifungie samaki watatu, mwanangu," akasema. "Mimi siondoki hapa mikono mitupu."