Kipindi cha Kumi na Nne

Mireille alipoanza kufundisha biolojia katika shule moja ya sekondari ya Kadutu, mjini Bukavu, alimkuta mwalimu aliyemtangulia bado yumo darasani. Mwenyewe alikuwa Kalemie, akitunza ghala la shemeji yake, lakini sauti yake ilikuwa imebaki. Placide, ndilo jina lake, alihama Bukavu mwaka uliotangulia, wakati watu wengi walipohama kwa sababu ya vita. Kabla ya kwenda, shule zilipokuwa zimefungwa juma baada ya juma, alijifungia chumbani akarekodi masomo yake yote kwa simu: podkasti ya vipindi thelathini na kimoja, kila kimoja robo saa. Alivituma kwa wanafunzi wake, nao wakatumiana.

Mireille hakuona vibaya. Alikuwa amefundisha miaka sita kule Katana kwa chaki peke yake, na alijua darasa la wanafunzi hamsini na wawili linavyomaliza koo. Basi akafuata desturi aliyoikuta. Aliweka kisanduku cha sauti juu ya meza, akafungulia dakika kumi, akazima, akauliza maswali. Placide alisimulia vizuri. Alisema figo ni muuza unga anayechekecha kutwa nzima bila kukaa chini, na wanafunzi walicheka palepale walipocheka mwaka uliopita.

Kipindi cha kumi na nne kilihusu moyo. Dakika ya nne, sauti ikasema, "Ateri zote, mushike vizuri, ateri zote zinabeba damu yenye oksijeni. Vena zote zinabeba ile isiyo nayo."

Mireille akazima.

"Hapo si sahihi," alisema. "Iko ateri moja inayobeba damu isiyo na oksijeni. Ni ile inayotoka moyoni kwenda mapafuni; na vena zinazorudi kutoka huko ndizo zenye oksijeni. Andikeni."

Hakuna aliyeandika. Msichana wa mstari wa pili, Bintu, alisimama. Alikuwa mwanafunzi mtulivu, mwenye kusema pale tu anapoulizwa.

"Madame, prof Placide alisema zote."

"Nimesikia. Alikosea."

"Hawezi kukosea, Madame. Alisema mushike vizuri."

Darasa likanong'ona. Mireille aliwaonyesha kitabu chake, lakini kilikuwa kimoja, tena cha zamani, kimepoteza jalada. Mardochée, kijana wa nyuma, akauliza kwa adabu kama hicho kitabu nacho hakiwezi kukosea. Lilikuwa swali zuri. Kengele ikalia.

Alikwenda kwa mkuu wa shule, Papa Aloys, mzee wa suti moja ya kijivu na kalamu tatu mfukoni. Papa Aloys alisikiliza mpaka mwisho.

"Maman Mireille, zile podkasti wazazi wanazipenda," alisema. "Mwaka jana watoto hawakuwa na kingine. Usiziguse. Wewe fundisha yako pembeni."

"Pembeni ya kosa, Papa?"

"Pembeni," alisema Papa Aloys, akarudi kwenye karatasi zake.

Jioni hiyo Mireille alimtafuta Placide kwa WhatsApp. Hawakuwa wamewahi kuonana. Alimweleza kwa upole, akataja kipindi na dakika. Siku tatu zikapita. Siku ya nne jibu likaja, kwa sauti ileile aliyoizoea, ila sasa ilikuwa ya chini, na nyuma yake watu walikuwa wakishusha magunia.

"Madame Mireille, nimesikiliza. Ni kweli. Na mimi nilifundishwaka hivyo, nikasema bila kufungua kitabu. Ninaomba ukifute hicho kipindi. Chote. Niko na haya."

Mireille alimwomba arekodi masahihisho kwa kinywa chake mwenyewe, maana yeye ndiye wanayemwamini. Placide akajibu kwa maandishi, maneno mawili: Siwezi, Madame.

Kufuta haikuwezekana. Vipindi vile vilikuwa katika simu za mji mzima, na nje ya mji. Hilo alilielewa vizuri zaidi alipomwita Bintu wakati wa mapumziko na kumuuliza, bila ukali, kwa nini alikasirika.

"Sikukasirika, Madame." Bintu alikuwa akitazama viatu vyake. "Mwaka jana tulikuwa Minova kwa tantine, shangazi yangu. Miezi saba. Hakukuwa na shule. Nilikuwa na prof Placide mu simu ya tantine, asubuhi na jioni. Vyote thelathini na kimoja ninavijua kwa kichwa. Sasa kama kimoja ni cha uongo, nitajuaje vingine?"

Mireille alifikiri juu ya swali hilo njia yote ya kurudi nyumbani, akipanda kilima kwa miguu.

Jumamosi alikwenda sokoni kwa muuza nyama anayemfahamu, akaomba moyo wa mbuzi pamoja na mapafu yake, visitenganishwe. Muuza nyama alishangaa, kwa kuwa watu hutaka kila kitu kivyake, lakini alimpa. Jumatatu Mireille alivitandaza juu ya jani la mgomba mbele ya darasa. Hakuwasha kisanduku. Alimwita Bintu, akampa mrija wa soda.

"Huu ndio upande wa kulia wa moyo. Damu inaingia hapa ikiwa imekwisha kuzunguka mwili, imechoka. Tafuta inapotokea."

Bintu alikunja uso kwa harufu, kisha akaingiza mrija, akausukuma taratibu. Darasa lilikuwa limesimama juu ya madawati. Mrija ulipita ndani ya mshipa mweupe mnene, na kidole chake kikaufuata kwa nje hatua kwa hatua.

"Unaenda mu mapafu," alisema.

"Unatoka moyoni, kwa hiyo ni ateri. Na damu ambayo haijafika mapafuni, oksijeni itakuwa imeitoa wapi?"

Bintu alitoa mrija, akauingiza tena kana kwamba mara ya pili ungefika kwingine. Ulifika palepale.

"Haina," alisema.

Alhamisi walirekodi masahihisho, darasa zima, milango imefungwa. Mireille alitaka kusoma mwenyewe, lakini wanafunzi wakasema sauti yake ni ndogo, nao walisema kweli. Bintu ndiye aliyesoma. Dakika mbili tu: kosa liko wapi, kwa nini ni kosa, na jinsi ya kulihakikisha kwa moyo wa mbuzi. Mwishoni akaongeza jambo ambalo halikuandikwa. "Prof Placide, aksanti. Vingine tutaviangalia pia." Papa Aloys aliisikiliza rekodi hiyo mara mbili, akauliza kama wazazi watafurahi, kisha akairuhusu itumwe.

Katika interro, jaribio la mwisho wa mwezi, wanafunzi arobaini na wanne walijibu sawa, na saba wakaandika kama zamani. Mardochée aliandika majibu yote mawili: kwa mujibu wa prof Placide, zote; kwa mujibu wa mbuzi, zote isipokuwa moja. Mireille alikaa na karatasi hiyo kwa muda mrefu kuliko zingine, akampa alama kamili.

Majuma mawili baadaye simu yake ililia akiwa anasahihisha madaftari. Alikuwa Placide, kutoka Kalemie. Sauti haikuwa ya chini tena.

"Madame, ile rekodi yenu imenifikia. Nimevisikiliza vipindi vyangu vyote, mwanzo mpaka mwisho. Uandike tafadhali. Kipindi cha tisa, dakika ya sita, nimechanganya majina mawili. Cha ishirini na mbili, mwanzoni kabisa, tarakimu si yenyewe. Cha ishirini na saba sina hakika. Hicho uangalie wewe, mimi hapa sina kitabu."

Mireille alivuta karatasi, akaandika tisa, ishirini na mbili, ishirini na saba, akainuka kwenda kutafuta kitabu kisicho na jalada.