Wageni Ndani ya Kompyuta ya Billow

Billow hakuwahi kumfukuza mgeni maishani mwake, na tabia hiyo nusura imkoseshe binti yake kazi.

Alikuwa dalali katika soko la mifugo la Garissa, mtu wa miaka hamsini na ushei mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Shule aliiacha darasa la nne huko Eldas, kwa kuwa ngamia wa baba yake walikuwa wengi kuliko watu wa kuwachunga. Kompyuta ya sebuleni aliinunua ya mitumba kutoka ofisi iliyokuwa ikihama, na aliipenda kama wengine wanavyopenda gari. Akitoka sokoni aliketi mbele yake kutazama mbio za ngamia za Uarabuni. Kidirisha kikijitokeza kwenye kioo kuomba ruhusa ya kuingia, Billow alibonyeza "Ndiyo". Hakusoma. Aliona tu kwamba mtu amebisha hodi kwa adabu, na kwao anayebisha kwa adabu hupewa chai kwanza, haulizwi ametoka wapi mpaka ashibe.

Ijumaa hiyo alirudi kutoka msikitini saa nane kasorobo, roho safi na tumbo tupu. Nyumba haikunukia chakula. Mkewe Shamis alisimama katikati ya sebule na mwiko mkononi. Binti yao Lul aliketi mbele ya kompyuta, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Kuna msiba?" Billow akauliza.

"Bado," Shamis akajibu. "Subiri kidogo."

"Aabo, imekwama," Lul akamwambia baba yake. "Kaduara kanazunguka tu."

"Tangu lini?"

"Tangu imamu apande mimbari."

Saa nane na nusu Lul alitakiwa kufanya mtihani wa kazi katika ofisi ya tahadhari ya ukame, hapo hapo mjini. Mtihani ulifanywa kwa mtandao, mara moja tu, kwa kompyuta yenye kamera. Simu haikukubaliwa. Kompyuta ya kutumia ilikuwa imesajiliwa wiki iliyotangulia, nayo ndiyo hiyo. Akikosa leo angerudi kutafuta kazi Nairobi, na Shamis angerudi kulia jikoni akisingizia vitunguu.

Kaduara kakatoweka, maneno yakatokea. Lul akayasoma kwa sauti: kumbukumbu ya mashine imejaa asilimia tisini na sita, ishuke hadi sitini au chini ya hapo, la sivyo mtihani hautafunguka.

Billow akampigia simu Najib, kijana mwenye duka la kurekebisha kompyuta karibu na stendi.

"Mzee, hiyo mashine imezeeka," Najib akasema. "Hiyo ni ya kutupa. Kuja baada ya Alasiri nikuuzie ingine."

"Na wewe ukizeeka tukutupe tununue mwingine?" Billow akamkatia simu. "Bure kabisa. Lul, hiyo kumbukumbu ni nini?"

"Ni nafasi ambayo programu hufanyia kazi, Aabo. Kila iliyo macho inachukua kidogo. Nyingine huzioni, lakini ziko nyuma, zinakula tu."

"Ziko ngapi?"

Lul akabonyeza vitufe vitatu pamoja. Wakangoja. Shamis akaenda jikoni, akageuza nyama, akarudi. Ndipo orodha ikafunguka, ndefu kama ukoo wa mtu anayegawa urithi.

"Ya Rabbi," Lul akasema. "Aabo, hawa wote uliwaingiza wewe?"

"Walibisha hodi."

"Watabiri wa mvua watatu!"

"Kila mmoja anasema lake. Nasikiliza wote."

"Mpira wa Ulaya. Wewe hutazami mpira."

"Aliomba vizuri."

"Na hawa wawili wanasema wanaongeza kasi ya kompyuta." Lul akasogea karibu na kioo, kisha akacheka, wa kwanza kucheka siku hiyo. "Ndio wanaokula kuliko wote!"

"Kama dada zako," Shamis akamwambia mumewe. "Wanakuja kusaidia kupika harusi, sufuria linaisha kabla ya bwana harusi kufika."

"Niwaondoe?" Lul akauliza. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano.

Billow akakuna ndevu. Mtu angemwona angedhani anaulizwa kuchinja. "Niliwakaribisha kwa mdomo wangu, Lul."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Shamis akasema.

"Sisi si wakulima."

"Basi mpe fimbo akachunge! Mtoto anakosa kazi!"

"Wakiondoka wanakufa?"

"Hawafi, Aabo. Wanalala. Ukimtaka mmoja unamwita, anakuja."

Hapo Billow akaacha kukuna ndevu. Alikumbuka kisima cha Eldas wakati wa kiangazi, baba yake akiwa msimamizi wa zamu, mifugo mia tano ikisukumana, na hori la maji halizidi urefu wa watu watatu waliolala. Baba hakumnyima mtu maji, hata hasimu wake. Ila alikuwa na sheria moja: aliyekwisha kunywa asisimame kwenye hori. Aende malishoni, atarudi siku ya zamu yake. Hakuna aliyewahi kusema mzee yule alifukuza wageni.

"Hawa wamekwisha kunywa," Billow akasema polepole. Kisha sauti yake ikarudi yote. "Hawa walikunywa zamani! Wamesimama tu kwenye hori! Toa! Anza na wa mpira!"

Lul akaanza kuzifunga, moja baada ya nyingine, na Billow akiiaga kila inayotoka. "Nenda salama. Wewe pia. Wewe wa mvua, hata hukuwahi kusema kweli, nenda."

"Haitoshi kuzifunga tu," Lul akasema. "Ziko kwenye orodha ya zinazoamka pamoja na mashine. Nisipozitoa huko, kesho asubuhi zote zitarudi."

"Zitoe huko. Zisije kisimani bila kuitwa."

Akazitoa, akaizima mashine, akaiwasha upya. Kioo kikawa cheusi. Shamis akasoma dua akipunga mwiko bila kujua. Saa nane na dakika kumi na tisa kioo kikawaka, na kila kitu kikafunguka upesi hata Billow akaogopa kidogo.

"Sitini na tano," Lul akasema. "Bado tano." Akatazama orodha, akashusha sauti. "Aabo, waliobaki ni waadhini watatu."

"Hao usiwaguse. Nizime adhana? Siku ya Ijumaa?"

"Billow," Shamis akasema, "msikiti uko nyuma ya ukuta huu. Alio akiadhini kwenye kile kipaza sauti, vikombe vinacheza kabatini. Nyumba moja ina haja na waadhini wanne?"

Billow akatazama saa, akamtazama binti yake. Akakishika kipanya mwenyewe. "Bismillahi. Alasiri nitakuwa msikitini kabla ya Alio. Sina haja ya kukumbushwa." Akabonyeza mara tatu.

Hamsini na nane. Mtihani ukafunguka. Lul akawafukuza wote wawili sebuleni na kufunga mlango.

Dakika kumi hazijapita, lango likagongwa kwa nguvu. Alikuwa Salah, binamu yake Billow kutoka Lafey, na wazee wengine wawili, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Salah alikuwa na sauti kubwa kuliko ya Billow, na wawili hao wakikutana majirani hutoka kuangalia nani anapigana.

"ASALAAM ALEIKUM!"

Billow akatoka mbio, kiganja kikiwa tayari mdomoni mwa binamu yake. "Waaleikum salaam, shusha sauti, karibuni, kaeni hapa nje."

"Nje?" Salah akashangaa chini ya kiganja. "Billow umetuweka nje?"

"Hori limejaa. Lul anakunywa. Zamu yenu inakuja."

Akawatandikia mkeka kwenye kivuli cha ukuta, Shamis akaleta chai ya maziwa ya ngamia, na kwa saa nzima wanaume wanne wa kaskazini wakazungumza kwa kunong'ona, wakitazamana kwa mshangao kama watu waliogundua lugha mpya.

Mlango ukafunguka. Lul alisimama kizingitini, macho yamejaa maji.

"Imesahihisha yenyewe, hapo hapo," akasema. "Nimepita. Naanza Jumatatu wiki ijayo."

Shamis akapiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakajibu. Salah, aliyebanwa saa nzima, akaachia takbiri iliyosikika hadi mtoni. Billow aliingia sebuleni. Alikifuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya kikoi chake, taratibu, kama mtu anayemfuta ngamia jike aliyezaa salama.

"Sasa ingieni!" akanguruma baadaye. "Wote! Kuna nyama!"

"Na wale wa kwenye kompyuta, Aabo?" Lul akauliza. "Niwaite?"

Billow akafikiri. "Mwite mwadhini mmoja. Wengine wakabishe kwa Najib."