Harufu ya Dilka

Mikono yangu ilikuwa inanitia aibu, na usiniambie eti kazi si aibu. Wanaosema hivyo hawajawahi kubandua maganda ya miti ya miwati kwa shamba la mzungu kule Kiplombe. Maji ya ganda lile yakikauka kwa ngozi hayatoki. Nilikuwa mweusi tititi toka vidoleni mpaka kwenye viwiko, ngozi ngumu, inakwaruza hata leso. Na Jumamosi senge wa Wepukhulu, yaani shangazi yake, alikuwa anakuja kuniona. Kwetu senge akija, msichana ndiye humnawisha mikono. Huyo mama akikukataa, ndoa imekufa hapo hapo.

Wepukhulu alikuwa karani wa stesheni, na ndiye aliyeongoza kwaya ya misheni yetu. Wasichana wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa wanammezea mate. Kwa nini alinitaka mimi Musimbi, sikujua, na kutojua huko ndiko kulikonikosesha usingizi.

Sasa niende wapi nisuguliwe? Binamu yangu Priscah alikuwa anapiga deki kwa saluni ya memsahib mmoja huko Sisibo, ndivyo tulivyoita Eldoret siku hizo. Alisema kuna mafuta yenye chumvi yanatoa ngozi yote iliyokufa. Nikafika mlango wa nyuma. Memsahib akatazama mikono yangu, akauliza kama nimekuja kutafuta kazi ya kufua. Nikajibu ndiyo, memsahib! Hebu fikiria. Halafu nikatoroka nikilia njia nzima.

Kulikuwa pia na mke wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyesugua wasichana kwa unga wa dengu na manjano. Mama mpole, lakini kazi yake aliifanya barazani. Mimi nikae pale nisuguliwe kama sufuria, kanisa zima likipita kwenda sokoni? Wapi!

Ikabaki kwa Wanubi. Wazee wa kanisa walikuwa wametukataza kukanyaga mtaa ule. Nilijifunika shuka mpaka machoni nikaenda.

Msuguaji wao, Mama Zenabu, alinivua nguo zote kama mtoto. "Hii ni miwati," akasema, bila kucheka. Alikanda unga wa mtama na msandali, karafuu na mafuta, akanisugua mpaka weusi ukaanza kudondoka vipande vipande.

"Hii inaitwa dilka," akaniambia. "Ni siri ya wanawake. Mwanaume hapiti mlango huu. Anaijua tu kwa mwili wa mwanamke."

Kisha akanifukiza kwa moshi. Nilipoona ngozi yangu, laini, ya kahawia, nililia. Niliona haya kukaa uchi mbele ya mtu nisiyemjua, na haya zaidi kwamba nilikuwa nafurahia. Ndipo aliponiambia kuwa harufu itakaa wiki nzima. Ala! Mama huyu, si ungesema mapema? Nilishuka mtoni Sosiani nikajisugua na sabuni ya kipande, ikazidi kunukia.

Jumamosi Wepukhulu na senge wake wakafika kwetu. Senge Nanzala alikuwa mama mnene mwenye macho makali. Nikapiga magoti na jagi na beseni, nikamwagia maji. Alijipaka sabuni, halafu akanikamata mkono, akaugeuza, akaunusa.

"Ni nini hii inanukia?"

"Labda ni sabuni," mama yangu akasema. Hakujua nilikokwenda. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wepukhulu, pale karibu na mlango, akacheka. Nadhani alitaka kuniokoa. "Sabuni gani, senge? Hiyo ni dilka. Wacha tu, haitoki haraka."

Alilitamka jina hilo kwa urahisi kabisa, kama mtu anayetaja chai. Nikamtazama. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hakuna mwingine aliyejua dilka ni nini. Mama alidhani ni mafuta ya duka. Ningenyamaza tu, senge angenikubali, ningekuwa mke wa karani. Nikiuliza yeye mwanaume ameijulia wapi, wote watajua kwamba msichana wa misheni alijificha ndani ya shuka akaenda kuvuliwa nguo kwa Wanubi. Uso uliniwaka moto. Wepukhulu akainua macho, yananisihi, na macho yale ndiyo yaliyonichoma zaidi. Alikuwa ananiomba tusaidiane kuficha.

"Senge," nikasema, "nilienda kwa Mama Zenabu, mtaa wa Wanubi. Nilikaa uchi nikasuguliwa ili unipende. Nimeona aibu tangu siku hiyo."

Mama akashika kichwa. "Musimbi! Unasema nini?"

"Hapo mlangoni wanaume hawapiti. Hiyo harufu wanaijua kwa mwili wa mwanamke. Sasa muulize Wepukhulu aliijulia kwa mwili wa nani."

"Kwa... pale stesheni kuna abiria," Wepukhulu akaanza.

Senge hakumtazama. Hakunitazama mimi pia. Mama alikuwa ameanza kulia kimya kimya, na nilijua analia kwa ajili yangu, si kwa aibu yake mwenyewe. Nikainua jagi nikaendelea kumwaga maji, maana mikono ya senge ilikuwa bado imejaa povu.