Anayefuata Pacha

Mara ya kwanza mashabiki walipoimba jina langu, nilitema mate kwenye nyasi. Jina waliloliimba ni Idowu, na hadi leo nikilisikia natafuta pa kutema.

Mimi ni Kehinde. Mtu wa kwetu Abeokuta, mji wa Wayoruba, akilisikia jina hilo hana haja ya kuuliza zaidi: nilizaliwa pacha, nikatoka wa pili. Ni kama Kulwa na Doto, ila kwetu anayetoka wa pili ndiye mkubwa. Yule wa kwanza ametumwa tu akaionje dunia kama inafaa. Aliyenitangulia ni dada yangu, Taiye, jina la kila pacha wa kwanza. Tangu utotoni aliniita kaka na kuniachia kipande kikubwa cha nyama, huku akinisonya.

Kocha Fasanmi ndiye aliyelichukia jina langu. Alitafuna mbegu za kola kutwa nzima, na akikusogelea kukushauri, chembe zinakurukia usoni.

"Miaka kumi na tisa ni ya mama yako," aliniambia. "Ya mpira ni kumi na sita. Umenielewa?"

Wenzangu hawakushangaa. Gbolahan, beki wetu wa kati, alikuwa na miaka kumi na sita kwa mwaka wa tano sasa, na mtoto wake alikuwa keshaanza shule. Lakini mimi nilikuwa na Taiye, mwanafunzi wa uuguzi ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ilijulikana chuo kizima.

"Kehinde si jina, ni cheti cha kuzaliwa," alisema Kocha. "Msimamizi wa makaratasi wa hiyo klabu ya Ulaya inayokuja kuwajaribu ni Myoruba mwenzetu. Akilisikia tu atauliza, Taiye yuko wapi? Kuanzia leo wewe ni Damilare, mtoto wa pekee."

Ilibidi Mama akaape mahakamani kuwa ndivyo. Alikataa wiki tatu. Mwishowe nikagoma kula chakula chake, mimi jitu zima lenye ndevu, nikamnunia kama mtoto aliyenyimwa maandazi, naye akalainika. Alitoka mahakamani akiusugua kwenye kitenge ule mkono uliogusa Biblia. Mimi niliona aibu kidogo, kisha nikaenda mazoezini.

Siku ya majaribio nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza. Kila pasi ilimkuta mwenyewe. Baada ya mechi wakatuita chini ya turubai, mimi, Mama na Kocha, mbele ya meza ya Bwana Akinsete, yule wa makaratasi. Shati lake lilikuwa jeupe kabisa. Alikisoma kile kiapo polepole, akauliza hili na lile, akaishika kalamu atie sahihi.

Ndipo akapita muuza akara, zile bajia za kunde, na karai lake kichwani.

"Iya Ibeji!" alipaza sauti. "Mama Pacha! Za tangu asubuhi?"

"Nzuri, mwanangu!" akaitika Mama.

Ni mazoea ya miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine, nadhani hata yeye alikuwa amelisahau la kwake. Bwana Akinsete akaiweka kalamu chini.

"Mama Pacha? Na pacha wenyewe wako wapi, mama?"

Kocha aliacha kutafuna. Mama alifumbua kinywa, nikajua atasema kweli, na kwamba ikisemwa nitabaki Abeokuta hadi meno yaning'oke.

"Walikufa," nikasema. "Kabla sijazaliwa."

Sikufikiri hata kidogo. Kiungo mzuri huuachia mpira kabla hajaguswa.

Bwana Akinsete alinitazama kidevu, nilichokinyoa mara mbili asubuhi ile. Kisha akatabasamu. Alijua yote, na ilimpendeza.

"Poleni sana. Basi huyu ni Idowu. Anayefuata pacha ni Idowu, hata mtoto mdogo anajua. Damilare la nini?"

Akalikata lile jina, akaandika hilo jingine, akatia sahihi. Kocha alicheka mpaka chembe za kola zikaangukia fomu, akazipangusa kwa kiwiko. Na mimi nilicheka. Huo ndio uchafu ambao sijapata sabuni yake: nilicheka nao. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshaondoka.

Habari ilinitangulia nyumbani kwa mdomo wa muuza akara. Taiye alikuwa uani, anafua sare zake nyeupe za chuo.

"Nasikia nimekufa," alisema.

"Taiye, ni makaratasi tu."

"Na wewe ni Idowu. Mdogo wangu."

"Acha basi. Utani gani huo?"

"Miaka yote nimekuita kaka." Alikung'uta povu mikononi. "Haya, Idowu. Msalimie mkubwa wako."

Nilimtazama Mama aniokoe. Alikuwa kizingitini akichambua maharage, na hakuinua kichwa.

Kwetu mwanamume humsalimia mkubwa wake kwa kulala kifudifudi, na hainuki mpaka aambiwe. Nikalala pale uani nikiwa na jezi ya majaribio, kifua kwenye matope ya sabuni, nikangoja.

Nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Taiye alikuwa ameanza kusuuza.